BORITI INAYOELEA: Jinsi Wanaadamu Walivyojifunza Kuhesabu Nguvu za Meli



Tarehe 17 Juni 2013, kusi likiwa limepamba moto, meli ya makontena iitwayo MOL Comfort ilikuwa ikikata Bahari ya Hindi kutoka Singapore kwenda Jeddah. Urefu wake ulikuwa mita 316, yaani viwanja vitatu vya mpira ukivipanga kimoja mbele ya kingine. Haikuwa meli kuukuu, maana iliundwa Japani na ilikuwa na umri wa miaka 5 tu. Ilikuwa imebeba makontena 4,382. Ilipofika kama maili 200 za baharini kutoka pwani ya Yemen, ikakatika vipande viwili. Haikupanda mwamba wala haikugongana na chombo kingine. Ilivunjika katikati kama muwa unaovunjwa gotini. Mabaharia wote 26 waliokolewa, alhamdulillahi. Kipande cha nyuma kilizama siku kumi baadaye, na kile cha mbele kikashika moto kikiwa kinavutwa, kisha nacho kikazama mwezi wa Julai.

Sasa hebu tujiulize. Chuma chote kile, na hesabu zote zile za kompyuta, vipi bahari iivunje meli kama hiyo? Na hao waundaji wa meli wanajuaje ni nguvu kiasi gani inatosha? Majibu yake ni historia ndefu, na si historia ya wazungu peke yao. Twende taratibu.

MELI NI BORITI

Wengi wetu tukisikia meli imezama, fikra zinakwenda kwenye kupinduka, kama kilivyopinduka kivuko cha Mtongwe mwaka 1994 na roho nyingi zikapotea. Kupinduka ni somo la mlingano, yaani chombo kisimame wima. Leo tunazungumzia jambo jingine: chombo kimesimama wima vizuri, lakini mgongo wake unavunjika.

Msomaji wa Pwani hahitaji kufunzwa boriti ni nini. Zile nyumba za kale za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, upana wake kama mita 2.5 hadi 3 hivi. Kwa nini? Kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko ina mwisho wake. Ukiitaka ivuke upana mkubwa zaidi, itapinda kwa uzito wa dari, na siku moja itavunjika. Fundi wa Lamu hakuandika hesabu hiyo kwenye karatasi, lakini aliijua, na ukuta wake ndio ushahidi.

Boriti ikibebeshwa mzigo, upande wake wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Katikati kuna mstari usiobanwa wala kuvutwa. Kwa hivyo kazi yote inafanywa na sehemu zilizo mbali na mstari huo, juu kabisa na chini kabisa. Chukua ubao wa inchi mbili kwa sita, uulaze bapa juu ya mawe mawili, kisha usimame katikati. Halafu uusimamishe kwa ubavu. Ni ubao ule ule na mbao ni ile ile, lakini ukisimama kwa ubavu una nguvu mara 3, na kupinda kwake kunapungua mara 9. Kilichobadilika ni umbo la mkato tu, yaani lile umbo unaloliona ukiukata ubao kwa upande, kama unavyokata boflo.

Meli nayo ni boriti. Tofauti ni kwamba boriti ya nyumba imeshikwa na kuta mbili zisizotikisika, na meli imeshikwa na maji, na maji hayakai mahali pamoja. Mawimbi yanapopita, mara kilele cha wimbi kinakuwa chini ya tumbo la meli, na ncha zake mbili zinaning'inia. Hapo meli inatunga mgongo kama paka aliyetishwa. Mara vilele viwili vinaibeba mbele na nyuma, na bonde la maji linakuwa katikati. Hapo inabonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Paka, kitanda, paka, kitanda, usiku na mchana, mamilioni ya mara katika umri wa meli moja.

KAMBA ZA USUMBA

Wazee wetu wa bahari hii walikuwa na jibu lao. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya kwanza Miladia, kinachoeleza biashara ya Bahari ya Hindi, kinautaja mji wa pwani yetu ulioitwa Rhapta, na kinasema jina hilo limetokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Ndiyo, vilishonwa kwa kamba. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake ulikuwa wa ukoo huo huo: mbao zimetobolewa, zikashonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka.

Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika juu ya vyombo vya kushonwa vya Bara Hindi na Yemen, na akataja sababu: bahari hii ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa kina unyumbufu, kinanepa bila kupasuka. Msafiri huyo hakuwa mhandisi, lakini alikamata jambo kubwa. Ziko njia mbili za kupambana na nguvu: kuishindilia, au kuiachia kidogo ipite.

Lakini kila njia ina bei yake. Chombo kinachonepa kinafungua viungo vyake kidogo kidogo, na maji yanaingia, ndiyo maana mabaharia wa mitepe walikuwa hawaachi kuyateka. Na kadiri chombo kinavyorefuka, ndivyo kunepa kunavyozidi. Kwa hivyo kamba ilikuwa na kikomo, kama boriti ya mkoko ilivyo na kikomo. Mtu akitaka chombo kirefu zaidi kibebe zaidi, hapana budi atafute njia nyingine, na kwanza ajue nguvu zenyewe ni kiasi gani.

MFUNGWA NA SWALI LA FUNDI

Swali hilo liliandikwa vizuri kwa mara ya kwanza na Galileo wa Italia, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1638. Wakati huo alikuwa mzee, amepofuka, na yuko kifungoni nyumbani kwake. Kitabu kinaanzia kwenye karakana kubwa ya kuundia meli mjini Venice. Hapo linazuka swali la mafundi: kwa nini meli kubwa ikiwa bado nchi kavu inahitaji magogo mengi zaidi ya kuitegemeza kuliko ndogo, hata kama umbo ni moja na vipimo vimeongezwa kwa uwiano sawa?

Jibu lake ni hili. Ukikuza kitu mara mbili kwa kila upande, uzito wake unakuwa mara 8, lakini eneo la mkato wake linakuwa mara 4 tu. Uzito unakimbia mbio kuliko nguvu. Ndiyo maana mifupa ya tembo si mifupa ya paa iliyokuzwa, ni minene kupita kiasi. Galileo alijua pia kwamba kina cha boriti kinasaidia kuliko upana wake. Lakini hapo hapo aliteleza: alidhani mkato wote wa boriti unavutwa, hakuuona ule upande unaobanwa. Ilichukua zaidi ya miaka 100, na kazi za Wafaransa kama Parent na Coulomb, mpaka jambo hilo likanyooka. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda, huyu anachimba msingi na yule anasawazisha ukuta.

HESABU YENYEWE

Kufikia katikati ya karne ya 18, Pierre Bouguer na Leonhard Euler walikuwa wameshaandika vitabu vikubwa vya elimu ya meli. Usiogope, ndugu yangu, hesabu yenyewe utaifuata hata kama uliiacha shule zamani.

Chukua tishari lenye umbo la sanduku, urefu wake mita 60. Lenyewe lina uzito wa tani 600 zilizoenea sawasawa. Lipakie shehena ya tani 600. Jumla ni tani 1,200, na maji yanaliinua kwa tani 20 kwa kila mita. Sasa tazama nusu moja tu ya tishari, mita 30. Maji yanaisukuma juu kwa tani 600, na kitovu cha nguvu hiyo kiko mita 15 kutoka katikati. Zidisha, unapata 9,000. Uzito wa nusu ya tishari ni tani 300, kwa mita 15: unapata 4,500, huu unavuta chini.

Kama shehena imeenezwa sawasawa, nusu yake ni tani 300 kwa mita 15, nazo ni 4,500. Toa zote mbili kwenye 9,000, jibu ni sifuri. Tishari limetulia, halipindi.

Kama shehena yote umeirundika katika mita 20 za katikati, nusu yake iko mita 5 tu kutoka katikati: 1,500. Toa tena, inabaki 3,000. Tishari linabonyea kitanda.

Kama umeigawa katika mita 10 za mwisho mbele na mita 10 za mwisho nyuma, kila rundo liko mita 25 kutoka katikati: 7,500. Sasa hesabu imepinduka, ni 3,000 kwa upande wa pili. Tishari limetunga mgongo wa paka.

Umeona ajabu yake? Shehena ni ile ile, tani ni zile zile, na ukisimama gatini kutazama alama za maji ubavuni utaona tishari limezama kwa kina kile kile. Macho hayakuambii kitu. Hesabu peke yake ndiyo inayokuambia kwamba la kwanza liko salama na mengine mawili yanabeba nguvu ya kupinda ya tani-mita 3,000 kabla hata wimbi moja halijafika.

Wimbi nalo linaingizwa kwenye hesabu kwa njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1860 na 1870, Waingereza kina Rankine, Reed na William John walilifanya kuwa jambo la kawaida. Waliichukulia meli kama imekalia wimbi lililosimama, lenye urefu sawa na meli, na kimo chake kikakubaliwa kuwa sehemu moja ya ishirini ya urefu huo. Meli ya mita 100, wimbi la mita 5. Kwanza kilele kiko katikati, halafu bonde liko katikati. Ukiipata nguvu ya kupinda, unaigawa kwa uwezo wa mkato wa meli, na hapo unajua chuma cha sitaha na cha chini kinavutwa au kubanwa kwa kiasi gani.

KUTOKA MBAO HADI CHUMA

Kabla ya hapo, mafundi wa Ulaya walishafika mwisho wa mbao. Manowari zao zilikuwa zikizeeka zikiwa zimejipinda mgongo. Robert Seppings, fundi wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kwenye mwaka 1811 kufunga mbao za mshazari ndani ya meli, kona kwa kona. Fundi yeyote wa paa anajua siri hiyo: fremu ya pembe nne inayumba, ukiifunga mshazari inakaza. Kitu kile kile kinakufunza kwamba mbavu za meli si nguzo za mgongo. Mataruma yanaipa jahazi umbo na kuzuia mbavu zisibonyezwe na maji, lakini kwa kupinda kwa urefu, kinachobeba ni mkuku, mbao za urefu na sitaha.

Hata hivyo mbao ziligoma. Wamarekani walijaribu mwaka 1909 na jahazi lao la milingoti 6, Wyoming, lenye sitaha ya takriban mita 100, wakalifunga kwa mikanda ya chuma. Likawa linajinyonga mawimbini, mbao zinaachana, pampu hazipumziki. Mwaka 1924 likazama katika dhoruba na mabaharia wake wote.

Wakati huo chuma kilishafungua mlango. Isambard Brunel aliishusha majini Great Eastern mwaka 1858, urefu mita 211, na hakuna meli iliyoipita urefu mpaka mwaka 1899. Wazo lake lilitoka kwenye madaraja ya chuma yenye umbo la sanduku. Akaifanya meli kuwa daraja: chini tabaka mbili za chuma, juu sitaha yenye vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, na ubavu ukiunganisha viwili hivyo. Alitaka ihimili hata ikibebwa katikati pekee au kwenye ncha mbili pekee. Kumbuka ule ubao wa inchi mbili kwa sita: chuma kimepelekwa juu na chini, kule kazi iliko. Mwaka 1862 mwamba karibu na New York uliipasua tabaka la nje kwa urefu wa mita 25 hivi, na ikafika bandarini kwa tabaka la ndani.

WALIOLIPIA MASOMO

Lakini hesabu ni kukisia mpaka ipimwe. Septemba 1901 manowari mpya ya Waingereza, Cobra, iliyojengwa nyepesi ili iwe na kasi, ilivunjika vipande viwili katika Bahari ya Kaskazini ikiwa safarini kukabidhiwa. Walionusurika ni 12 tu. Mahakama ya kijeshi ikaamua kwamba haikugonga kitu, ni udhaifu wa umbo lake. Baada ya msiba huo wakachukua manowari nyingine, Wolf, wakaiweka katika gudi kavu na kuyatoa maji taratibu, kwanza ikiwa imebebwa katikati, kisha ikiwa imebebwa kwenye ncha, na vipimo vimefungwa kwenye mabati yake kuona yanavutika kiasi gani. Kisha wakaipeleka kwenye bahari chafu wakapima tena. Matokeo yakasomwa hadharani mwaka 1905. Elimu ile ilitoka kwenye makaburi ya vijana wa Cobra.

Funzo jingine likaja wakati wa vita vya pili. Marekani iliunda meli za mizigo 2,710 za aina ya Liberty, nyingi mno na haraka mno, kwa kuchomelea badala ya kupiga ribiti. Zikaanza kupasuka, hasa kwenye kona kali za milango ya ngama, maana nguvu inayopita kwenye bati hukusanyika kwenye kona kama watu kwenye mlango mwembamba. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikatika usiku ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia kimya. Constance Tipper, mwanamama wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akaonyesha kwamba chuma kile kikipoa kinageuka kuwa kama kigae: badala ya kunepa kinapasuka, na ufa ukianza kwenye meli iliyochomelewa hauna pa kusimama. Tangu hapo kona zikawa za mviringo na chuma kikachaguliwa kwa baridi pia, si kwa nguvu peke yake.

TURUDI BAHARINI KWETU

Sasa utaielewa MOL Comfort. Meli ya makontena imefunguliwa juu karibu yote ili makontena yaingie, na ncha zake ni nyembamba, hazipati maji mengi ya kuzibeba, kwa hivyo muda mwingi imetunga mgongo. Paka akitunga mgongo, sitaha inavutwa na chini kunabanwa. Bati jembamba likivutwa ni hodari, likibanwa linakunjika kama debe lililokanyagwa. Wachunguzi waligundua kwamba mvunjiko ulianzia kwenye mabati ya chini, katikati ya meli, pale mkunjo wa kupinda ulipokutana na maji yanayosukuma kutoka nje. Meli ndugu zake zilipokaguliwa, baadhi zilikutwa na mabati ya chini yaliyobonyea. Mwaka 2015 vyama vya kukagua meli vikatoa kanuni mpya.

Na kuna jambo la pili ambalo linatugusa zaidi. Januari 2007 meli nyingine ya makontena, MSC Napoli, ilipasuka katika mlango wa bahari wa Uingereza. Watu 26 wakaokolewa. Kosa kubwa lilikuwa kwenye uwezo wa meli yenyewe. Lakini wachunguzi walipoyapima makontena kama 660 ya sitahani yaliyobaki makavu, 137 kati yake yalitofautiana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Moja lilipishana kwa tani 20. Yaani nahodha alikuwa akipiga ile hesabu ya tishari kwa nambari za uongo. Ndiyo sababu tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria ya kimataifa inataka kila kontena lipimwe uzito wake wa kweli kabla ya kupandishwa melini, na Kilindini ni hivyo hivyo.

Kijana mwenzangu, huenda wewe hutaunda meli. Lakini huenda ukajaza fomu katika ofisi ya mizigo, au ukapanga shehena ya jahazi la Lamu, au ukasimamia mizani. Ile tani uliyoipunguza kwenye karatasi ili mteja asitozwe zaidi haipungui baharini. Inasafiri vile vile, inakaa pale pale, na inaingia kwenye mgongo wa meli ambayo ndani yake mna watoto wa watu, na wengine huwa ni ndugu zetu wa Pwani hii. Nahodha hawezi kuiona kwa macho, tumeshaona tishari linavyodanganya.

Na wewe uliye shuleni unayesema hesabu na fizikia hazina faida, soma. Mababu zetu waliijua bahari hii kwa kamba na mkono, wakapata jibu lililofaa vyombo vyao. Meli za leo zinapita mbele ya nyumba zetu, zinafunga katika gati yetu, na wanaozikagua na kuzihesabu ni wachache mno kati yetu. Nafasi hiyo iko wazi, mwenye nia aingie.

Wabillahi tawfiq.